Mwalimu Aliyepanda Msitu na Kuukata

Ndugu waombolezaji, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imempa mdogo wake marehemu kazi ya kusoma maisha ya dada yake, kazi ambayo huyo mdogo mtu alijaribu kuipiga chenga akashindwa, kwa sababu marehemu mwenyewe alishaagiza mapema nani asome, nini kisomwe na nini kisirukwe, na wanaomfahamu wanajua kwamba akishaagiza ameagiza. Alitaka sifa zake zipitiwe haraka haraka na kosa lake lisomwe polepole, hivyo mkisikia msomaji anapunguza mwendo mahali fulani, mjue tumefika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na tanuri la chokaa, chini ya kilima hikihiki kinachotutazama, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa mchoma chokaa na mkewe aliyekuwa fundi cherehani. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa cheupe, kuta, sufuria, majani ya mpapai uani, nyusi za baba, na watoto wale walipokwenda kuchota maji wenzao waliwaamkia kwa utani kama wazee, ingawa mkubwa wao hata meno ya utotoni alikuwa hajamaliza kung'oka.

Kazi ya baba ilikuwa kuvunja mawe ya chokaa, kuyapanga tanurini pamoja na kuni, kuyachoma mpaka yawe mepesi, kisha kuyaacha yapoe na kuyamwagia maji, na ni katika hatua hiyo ya mwisho ndipo binti yake, akiwa na umri wa miaka mitano hivi, aliona jambo ambalo hakulizoea mpaka anaingia kaburini. Jiwe lililokuwa limepoa kabisa, lilipomwagiwa maji baridi, lilianza kulia, likapasuka, likachemka na kutoa mvuke bila moto wowote chini yake, halafu likalala pale likiwa unga mweupe. Mtoto alisimama mdomo wazi, akauliza, "Baba, huo moto umetoka wapi?", na baba, ambaye siku hiyo alikuwa hajapata hata chai, akamjibu, "Umetoka kwenye jiwe, sogea usiungue." Miaka mingi baadaye alijifunza kwamba lile lilikuwa jibu la kweli, kwamba jiwe lilikuwa limeichukua nguvu ya ule moto wa kuni likaitunza ndani yake kimya kimya, na kila aliposimulia habari hiyo sauti yake ilishuka, kama ya mtu aliyeingia mahali ambapo watu huvua viatu.

Katika mawe hayohayo alikuta alama za magamba ya kome na konokono wa baharini, ilhali bahari yenyewe hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kuiona, akayakusanya kwenye kopo, na tangu hapo kila mgeni aliyekaribishwa nyumbani hakunywa maji kwa amani mpaka ameeleza bahari ilikuja kufanya nini huku kwetu. Wageni wengi waliamua kukaa nje.

Lakini kuni za tanuri zilitoka kilimani, na matanuri yalikuwa mengi, baba yetu hakuwa peke yake, hivyo kufikia wakati marehemu anavaa sare za shule kilima kilikuwa kimenyolewa, mvua ikinyesha udongo unashuka mpaka mlangoni, na kitu pekee kilichobaki kama zamani ni chemchemi iliyo chini yake, iliyotoa maji baridi hata jua lilipokuwa la utosi, yaliyotosha shule, matanuri na mtaa mzima. Jioni moja baba alikaa juu ya mzigo wa kuni, akamwambia binti yake kwamba kilima kile wamekila wao, tena wamekimaliza, na kwamba mwenye uwezo wa kukirudisha akirudishe, na binti alilibeba neno hilo moyoni bila kumwambia mtu.

Elimu ya msingi aliipata katika shule iliyo chini ya kilima kuanzia Januari 1961 hadi Novemba 1967, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, safari ya kutwa nzima kwa basi, kuanzia 1968 hadi 1971, na mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu tarehe 23 Novemba 1973. Huko chuoni ndiko alikokutana na hadubini kwa mara ya kwanza, chombo kilikuwa kimoja na wanachuo wengi, wakapangwa foleni ili kila mmoja achungulie tone la maji ya dimbwi kidogo tu ampishe mwenzake, lakini ilipofika zamu ya marehemu aliking'ang'ania kiti, maana ndani ya tone lisiloweza kulowesha ukucha aliona viumbe wanaogelea, wanakimbizana, wanakulana, na mmoja wao akagawanyika kuwa wawili mbele ya macho yake, kila mmoja akashika njia yake. Foleni ilipoanza kupiga kelele mkufunzi aliwaambia, "Mwacheni, huyo ndiyo basi tena," na kweli ilikuwa ndiyo basi tena.

Aliajiriwa tarehe 7 Januari 1974 katika shule ileile aliyosoma, akapewa Sayansi ya darasa la tatu na la nne, na hakuhama wala kupanda cheo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2013, si kwa kukosa nafasi, kwani aliitwa kwenda ofisini zaidi ya mara moja akakataa, akisema kule hakuna mtu wa miaka tisa wa kuzungumza naye. Darasa lake lilikuwa la mwisho upande wa kilima, lenye madirisha yasiyo na vioo, ubao uliopasuka pembeni, na rafu ya makopo yenye mchanga, udongo wa mfinyanzi, chumvi ya mawe, pamba, mkaa, manyoya ya kuku, vipande vya chuma chenye kutu na yale magamba yake ya utotoni. Kila asubuhi aliinua kitu kimoja juu, darasa zima likapaza sauti, "Kimetoka wapi?", na hakuna aliyekaa mpaka kitu kile kimefuatwa nyuma, hatua kwa hatua, hadi ardhini, majini, hewani au kwenye jua, ndiyo maana wengi wenu hapa hamkumjua kwa jina lolote isipokuwa Mwalimu Kimetokawapi.

Shati lilirudi kwenye pamba, na pamba kwenye udongo, mvua na jua, kioo kilirudi kwenye mchanga wa kawaida wa kukanyagwa, msumari ulirudi kwenye jiwe jekundu, na kiatu cha mwalimu mkuu kilirudi kwa ng'ombe, ng'ombe kwenye majani, majani kwenye jua, basi watoto wakatoka darasani wakitangaza kwamba mwalimu mkuu anatembea juu ya jua. Mkaguzi mmoja wa elimu aliyekuja na tai ya nailoni aliiona tai yake ikifuatwa mpaka kwenye mafuta yanayochimbwa chini ya ardhi, na mafuta mpaka kwenye viumbe wadogo wa bahari za kale, walioishi kwa mwanga wa jua wakati duniani hapajakuwa na mtu wa kuvaa tai, naye akaondoka akiwa ameishika kwa vidole viwili, na kwenye taarifa yake aliandika tu kwamba kipindi kilipitiliza muda. Mwisho wa kila kipindi marehemu alirudisha kitu mahali pake kwa mikono miwili, akasema, "Hiki hatukukiumba, tumekikuta, basi tukishike vizuri," na alisema hivyo hata kwa msumari uliopinda.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na fundi seremala, mzee wetu aliyekaa hapa mbele, ambaye alikuja shuleni kutengeneza madawati, akaulizwa na mwalimu wa darasa la mwisho mbao zake ni za mti gani na mti huo ulikuwa na umri gani, akawa hajui, akapanda baiskeli mpaka kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akarudi kesho yake na kipande cha gogo kinachoonyesha pete za miaka, wakakaa barazani wakizihesabu wote wawili, mwaka wa mvua pete nene, mwaka wa ukame pete nyembamba, na wenye macho waliona palepale kwamba madawati yale yatachelewa kukamilika. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1979, ambaye leo ni muuguzi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1983, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili wanashuhudia kwamba katika nyumba ile yai halikuliwa likiwa la moto, kwa kuwa lilipoa likifuatwa linakotoka.

Hapa ndipo msomaji anapunguza mwendo, kama alivyoagizwa.

Mwaka 1984, mvua za kwanza zilipoanza, marehemu aliwaongoza wanafunzi wake kupanda mikaratusi, kuanzia ukingo wa chemchemi mpaka kileleni, kwa utaratibu wake mwenyewe kwamba kila mtoto anachimba shimo lake, anapanda mti wake, anaumwagilia kwa kopo lake, na mti ule unabaki kuitwa wake hata akishamaliza shule, akioa au kuolewa, hata akihamia mbali. Kila mwaka darasa jipya liliongeza miti yake, na kwa kuwa mkaratusi hukua kama umetumwa, haikuchukua miaka mingi kilima kikawa kimevaa nguo, udongo ukaacha kushuka, nguzo zikapatikana za kuezekea madarasa mapya, seremala akapata mbao, na mtaa mzima ukapaita Msitu wa Mwalimu. Baba yetu, ambaye wakati huo alikuwa anatembea kwa fimbo, aliletwa mpaka chini ya miti ile, akasimama akisikiliza upepo majanini, akavua kofia yake yenye chokaa, na marehemu aliwahi kukiri kwamba hakuna siku aliyowahi kujiona mtu kuliko siku ile.

Kuanzia mwaka 1996 hivi maji ya chemchemi yalianza kupungua, na kila mtu akawa na lake, wengine wakalaumu mvua, wengine barabara mpya, wengine wakasema kuna mtu kafulia nepi pale penye jicho la maji, ila marehemu, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, aliwaambia wazazi kwamba dawa ya maji ni miti. Akaongeza miti, mwaka 1998 na tena mwaka 2001, karibu zaidi na jicho lenyewe, na maji yakazidi kupungua, naye kwa kuona yanapungua akaongeza mingine. Mwaka 2005 chemchemi ilikauka kabisa, akina mama na watoto wakaanza kuvuka barabara kuu ya malori kwenda mtoni, ndoo vichwani, na marehemu alikuwa miongoni mwao, na njia nzima aliwahimiza watu wapande miti.

Tarehe 12 Machi 2009 ilikuwa siku ya somo la mimea na maji, somo alilolipenda kuliko yote na ambalo alilifundisha kwa namna moja tangu miti ile iwe mirefu, kwamba asubuhi anafunga mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye tawi la mkaratusi lenye majani mabichi, mchana darasa linarudi na kukuta mfuko una maji, ndipo anawaeleza jinsi mizizi inavyoyanywa na majani yanavyoyapumua hewani bila sisi kuyaona. Jua la siku ile lilikuwa kali, mfuko ulikuwa mzito mpaka tawi limeinama, akaufungua kwa uangalifu, akauinua juu ili mwanga upite ndani yake na kila mtoto aone uzuri wake, na kwa kuwa mwalimu ameinua kitu, darasa lilifanya kama lilivyofundishwa, likapaza sauti kwa pamoja, "Yametoka wapi?"

Wanafunzi wa siku ile, ambao baadhi yenu mko hapa, mnasema mwalimu alifungua mdomo ajibu, kisha akageuka kutazama jicho la chemchemi lililokauka hapo chini karibu na miguu yake, halafu akainua uso akaitazama miti, mti baada ya mti, kutoka ukingoni mpaka kileleni, majani yasiyo na idadi, akakaa chini kwenye majani makavu na mfuko mapajani. Mtoto mmoja alimwuliza kama anaumwa, akamjibu, "Hapana, nipeni muda kidogo, nimeona kitu kikubwa." Kila kitu duniani alikuwa amekiuliza kilikotoka, isipokuwa maji yale, ambayo kila mwaka alikuwa ameyainua mwenyewe kwa mkono wake.

Jioni ile alimwambia mumewe maneno ambayo mzee ameturuhusu tuyasome, kwamba hakujua kama anaogopa au anastaajabu, "maana mto mzima ulikuwa unapanda mbinguni mbele ya macho yangu, kimya, bila tone kuanguka, na mimi nilikuwa nausimamia nikiupigia makofi."

Hakukurupuka, alichukua makopo yenye udongo sawa, akapanda mkaratusi katika moja na mkuyu katika jingine, la tatu akaliacha bila mche, akayamwagilia maji sawa na kuyapima na wanafunzi kwenye mizani ya duka la jirani, mpaka mwenye duka mwenyewe akawa anawasubiri apate matokeo, na kila walipopima kopo la mkaratusi lilikuwa limetangulia kukauka kuliko mengine. Bwana misitu aliyeitwa aje kutazama alithibitisha, akaeleza kwamba mti ule hauna ubaya, kule juu kwenye ukavu unafaa kabisa, ubaya ni kuuweka penye jicho la maji.

Tarehe 6 Juni 2009, katika mkutano wa wazazi, marehemu alisimama, na bila kumung'unya maneno akasema, "Maji yenu hayakuibwa na mtu, yamenywewa na miti, miti nimeipanda mimi, na mlipolalamika nikaongeza." Mwenyekiti wa kamati alimwomba akae asijidhalilishe, wengine wakacheka, wengine wakawaza nguzo zao, na mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa amebeba ndoo kutoka mtoni kwa miaka minne, alisimama akashika shingo yake akauliza, "Kwa hiyo hii shingo yangu ni wewe?", naye marehemu akamjibu, "Ni mimi, mwenzangu." Jibu hilo ndilo lililozima vicheko, na mkutano ukakubali miti ya chini ikatwe.

Ila marehemu hakukubali ikatwe hivihivi, kwa sababu kila mti ulikuwa na mwenyewe, na huo utaratibu aliuweka yeye, basi akajifunga kibwebwe akaanza kupita nyumba kwa nyumba, kwa dereva wa lori, kwa muuza duka, kwa askari polisi, kwa mama aliyekuwa ananyonyesha, akisimama mlangoni na kusema, "Nimekuja kukuomba mti wako." Wengine walisema kata hata leo, wengine walimnunia, mmoja aliomba kwanza apige nao picha, na watu wazima wenye ndevu walitokwa machozi kwa ajili ya mti waliokuwa hawajautazama kwa miaka. Alipomaliza kuomba, seremala aliushusha msumeno ukutani akamwambia, "Miti umepanda wewe, msumeno ni wangu, twende kazini," wakaanza Julai 2010 na wakamaliza mwishoni mwa mwaka uliofuata. Mkaratusi ukikatwa haukubali kufa, kisiki huchipua na machipukizi yanaendelea kunywa, kwa hiyo kila Jumamosi marehemu alikwenda na panga kuyafyeka, na katikati ya visiki akapanda mikuyu na matete.

Kule chini mti mmoja ulibaki, na ndio uliokuwa umesimama juu kabisa ya jicho la chemchemi, mti wa fundi mwashi wa mtaa wetu, ambaye mwaka 1985 aliupanda na pacha wake katika shimo moja kwa sababu walikataa kutenganishwa, na pacha yule aliugua akafariki kabla hawajamaliza shule, asiache picha wala chochote cha kumkumbuka isipokuwa mti ule. Mwashi alimwambia marehemu, "Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini huo hapana," naye akamjibu, "Sawa, mwanangu," na hakumwuliza tena. Kamati ilipotaka kuukata kwa nguvu, marehemu alikwenda akasimama mbele ya shina lake akawaambia, "Nilichukua maji ya watu bila kuwauliza, sitachukua ndugu wa mtu kwa namna hiyohiyo," wakarudi nyumbani shingo upande.

Maji hayakurudi, alistaafu yakiwa hayajarudi, na kuna waliosema hadharani kwamba mwalimu amewakosesha maji kwanza na nguzo baadaye, naye akaendelea tu kwenda Jumamosi na panga lake, akipiga magoti kwenye jicho lile kavu na kulitia mkono kutafuta ubaridi. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, aone maji yale yanatoka kabla hajaondoka, na sisi wa nyumbani tulikuwa tunajua, na tulikuwa tunaogopa kumwuliza.

Mwaka 2017 alianza kuishiwa pumzi na kuvimba miguu, na tarehe 5 Februari 2018 madaktari walitueleza kwamba moyo wake umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, maji yanabaki mwilini, hivyo akapangiwa chupa moja ndogo ya kunywa kwa siku, chai na supu zikiwa humohumo. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Hata ndani yangu maji yamekwenda pasipotakiwa," kisha akaomba aonyeshwe kwa chombo moyo wake unavyopiga, akautazama kwenye kioo, ngumi ndogo ya nyama inayofunga na kufungua bila kuagizwa tangu kabla hajazaliwa, akamwambia daktari kwa mshangao wa kweli, "Kumbe kitu hiki kimefanya kazi yote hiyo na sijawahi kukishukuru."

Hakuweza tena kufika kwenye chemchemi. Tarehe 12 Agosti 2019 mwashi alikuja nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akamweleza kwamba tangu mwalimu alipougua ni yeye ambaye amekuwa akifyeka machipukizi kila Jumamosi, kwamba katika kufyeka huko ameiona kwa macho yake mizizi ya mti wake ilivyoingia ndani ya jicho la maji, na kwamba juzi ameukata mwenyewe, kwa mkono wake, baada ya kukaa nao asubuhi nzima na kuuaga. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Marehemu, ambaye wengi mnadai hamkuwahi kumwona akilia, alimshika mwashi mikono yote miwili akalia mpaka binti yake muuguzi akaingia kuangalia kuna nini.

Mvua za mwaka 2020 ziliacha tope penye jicho, na tope lile halikukauka kiangazi chote, mwaka uliofuata vyura wakarudi, hakuna anayejua walikuwa wapi, na tarehe 19 Aprili 2022 mwashi alipiga hodi akiwa na chupa ya kioo yenye maji ya rangi ya udongo, akasema, "Mwalimu, yametoka, si mengi, yana unene wa kidole, lakini yanatembea." Marehemu aliomba chupa iwekwe dirishani na mtu yeyote asiiguse, tukasimama kuizunguka, mumewe, binti yake, mwashi na mdogo wake huyu anayewasomea, tukatazama mchanga ukishuka kwanza, kisha udongo laini ukifuata taratibu, na juu yake maji yakijitenga yenyewe, yakiwa meupe pe, mpaka jua la dirishani likapita ndani yake na kucheza ukutani. Sote tulikuwa tumeshaona maji kila siku ya maisha yetu, na sote tulikuwa tunayaona kwa mara ya kwanza.

Binti alisema yachemshwe kwanza, marehemu akamwambia bila shaka, unamfundisha nani, yakachemshwa, yakapoa, na kwa kuwa katika kipimo chake cha siku ile kilikuwa kimebaki kikombe kimoja tu, alikigawa nusu kwa nusu, akampa mwashi ya kwake na kumwambia, "Kunywa, ndugu yako ametupisha." Mwashi alikunywa akiwa ameziba uso kwa mkono mmoja.

Baada ya siku hiyo hakudai kitu kingine. Aliendelea kudhoofika, akalazwa tarehe 28 Agosti 2022, na asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2022, mumewe akiwa amemshika mkono, moyo ule uliofanya kazi bila likizo ulisimama, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake wawili, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompimia maji yake kwa upole hata alipowageuza wanafunzi, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, walimu wenzake waliomvumilia na vipindi vyake visivyokwisha, na wanafunzi wote waliofungua milango yao na kumpa miti yao. Tunamshukuru kwa namna ya pekee yule mama wa shingo, ambaye amekaa na mwili wa marehemu tangu ulipoletwa na amekataa kubadilishwa zamu, na tunamshukuru fundi mwashi, aliyejenga kaburi hili kwa mikono yake, akaifuata chemchemi mwenyewe, akachota maji ya kuchanganyia simenti, na alipoulizwa kama yangetosha, akasema yamebaki.

Dada yetu, mwalimu wetu, umeyaacha yanatoka. Pumzika kwa amani.